Mheshimiwa, ule mfereji ufungwe kabla ya mvua

Bukavu

Kwako Mheshimiwa uliyekabidhiwa mazingira ya jimbo letu,

Salamu na heshima. Hii ni barua yangu ya tatu kuhusu mfereji unaokausha kinamasi chetu. Mbili za kwanza nilizileta mwenyewe ofisini, zikapigwa muhuri, nikaambiwa nisubiri. Jumatatu usiku kinamasi chetu kimewaka, na moshi ungali unatoka chini kwa chini, maana udongo wa kinamasi ukikaushwa unaungua kama makala.

Mimi ni mwalimu. Ndani ya majani yale kuna kindege cha kahawia, Bradypterus graueri, kinachosikika zaidi ya kuonekana. Hakipo popote ila kwenye milima hii ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda.

Niliwasikilizisha wanafunzi, kwa simu yangu, sauti ya ndege mwingine, Kauaʻi ʻōʻō wa kisiwa cha Kauai, Hawaii. Dume anaimba, ananyamaza kama anayengoja, anaimba tena. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nani anamujibu?" Hakuna. Alisikika mara ya mwisho mwaka 1987, na ukoo wake wote, aina 5, umekwisha duniani.

Yule, Mheshimiwa, alizidiwa. Mbu waliokuja na meli walimletea malaria ya ndege, panya wakamfuata hadi kwenye matundu ya miti alimotaga, kimbunga cha 1982 kikapiga msitu wake. Wa kwetu adui yake ni mfereji mmoja, upana wa hatua mbili, unaotoa maji ili watu walime. Nadhani aliyeuchimbisha ana mtu wa kumkinga, la sivyo asingethubutu mchana kweupe. Wenye njaa siwalaumu. Mama yangu mwenyewe ana shida: chemchemi iliyo chini ya kinamasi imekauka, na sasa anapanda kilima na bidoni ya lita 20 mgongoni, kwa umri wake.

Mwezi wa pili ulisimama pale, mbele ya wazee, ukaahidi walinzi ndani ya wiki mbili. Tulikupigia makofi. Mimi pia nilipiga. Vigingi mlivyosimika, leo vimefungiwa mbuzi.

Siombi kamati wala semina. Naomba mfereji ufungwe kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Mfereji tu.

Jana alfajiri nilikwenda upande ambao haujaungua. Mmoja aliimba. Kutoka ng'ambo ya maji, mwingine akamjibu. Ufungwe, Mheshimiwa, wangali wanajibizana.

Mwalimu wa kijijini