Laini iliyo kwa jina langu

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliniambia umechoka kuulizwa mwenye namba ni nani kila unapokwenda kuomba huduma, nawe ukabaki kulitaja jina langu. Una haki ya kuchoka. Niliisajili laini hiyo kwa jina langu kwa sababu siku ile hukuwa na kitambulisho, kisha miaka ikapita tukasahau. Tutaihamisha. Lakini kuna jambo nimelibeba muda mrefu, na sitaki laini itoke kwangu kabla sijalisema.

Unaukumbuka mwaka ule salio lilipokuwa linapotea? Ulikuwa na miaka 13. Naweka vocha jioni, nikiamka nakuta limepungua. Mimi sijampigia mtu, nyumbani tuko wawili, basi mwizi nikawa nimeshampata. Mara ya kwanza nilikuuliza kwa upole. Mara ya pili kwa ukali. Mara ya tatu sikuuliza tena, nilikunyang'anya simu. Ulisimama mlangoni ukasema, "Mama, sijagusa," nami nikakujibu kwamba salio halina miguu.

Halikuwa na miguu, ila lilikuwa na wenyewe wa kulichukua. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kwenye ofisi ya mtandao kwa shida nyingine, laini ilikuwa imeziba. Binti aliyenihudumia alifungua ukurasa wangu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyejiunga na huduma tatu za kulipia. Moja ilikuwa ya utabiri wa nyota. Zote zilikata fedha alfajiri, kila siku, kidogo kidogo, kiasi ambacho mtu hakioni mpaka akijumlishe. Na kila siku zilileta ujumbe kutoka namba fupi, nami nikawa naufuta bila kuusoma nikidhani ni matangazo.

Nilimwuliza nilijiungaje. Akanieleza kwa subira, na maelezo yake sijayasahau. Tangazo linajitokeza kwenye skrini wakati unasoma kitu kingine, unatafuta alama ya kulifunga, kidole kinagusa pembeni, na mguso huo unahesabiwa kuwa ndiyo. Mwenye huduma si kampuni ya simu, ni mfanyabiashara mwingine aliyepewa ruhusa ya kuchota kwenye salio la wateja, na kampuni ya simu inapata fungu lake. Hakuna karatasi uliyotia saini. Nilipodai fedha zangu nilijibiwa kwamba ombi lilitoka kwenye simu yangu. Huduma zilifungwa siku hiyohiyo. Fedha hazikurudi.

Nilirudi nyumbani nikakupa simu yako na kifuniko kipya, nikanyamaza. Sikukuambia chochote. Ulifurahia kile kifuniko, na furaha ile ilinichoma kuliko kama ungenuna. Leo nakuambia: hukugusa. Ulisema kweli mara tatu, nami nilikukataa mara tatu. Nisamehe, mwanangu.

Nimejiuliza sana kwa nini niliiamini simu nikaacha kukuamini wewe uliyetoka tumboni mwangu. Nadhani ni kwa sababu simu hutoa tarakimu. Inakuandikia salio lako ni kiasi fulani, bila kusita, bila kulia, wala haikwepi macho. Nilidhani kitu kisichositasita hakiwezi kukosea. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza, na niliyoyapata kwa kuuliza ndiyo ninayokuandikia sasa, kwa sababu laini ikishakuwa yako, utakayeulizwa ni wewe.

Nianze na meseji zangu. Ulipoanza kukaa mbali nilikuwa nakutumia ujumbe mrefu kila usiku, na kifurushi cha meseji kinaisha katikati ya mwezi. Nilikuwa na hakika sijavuka idadi. Siku moja nikamwuliza mhudumu ujumbe mmoja ni nini hasa. Kumbe ni herufi 160, na nafasi tupu zimo. Kipimo hicho kilipangwa miaka ya 1980, kabla mtu yeyote hajatuma ujumbe wa simu. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, kijana fundi aitwaye Neil Papworth alipoandika kwenye kompyuta salamu za Krismasi zikaingia kwenye simu ya mkononi. Ukizidisha 160, ujumbe unakatwa vipande vya herufi 153, maana kila kipande kinahitaji nafasi ya kuonyesha kinaungana na kipi. Simu ya mpokeaji inaviunga tena, wewe unaona ujumbe mmoja, mtumaji kahesabiwa vitatu.

Lakini lililonishangaza zaidi ni kopa. Ule moyo mwekundu niliokuwa naumalizia kila usiku haumo kwenye orodha ya herufi za ujumbe mfupi. Ukiuweka mmoja tu, ujumbe mzima unabadilishwa uandikwe kwa namna nyingine inayokula nafasi zaidi, na kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70. Halafu sikiliza hili. Simu nyingine, ukiandika neno kama "ng'oa", zinakuwekea ile alama ya juu iliyojikunja badala ya iliyonyooka. Iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyojikunja haimo. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika Kiswahili safi, bila kopa wala kikaragosi, akahesabiwa meseji mbili kwa sababu ya alama ya ng'. Nadhani watu wengi wanaotumia lugha hii wamelilipia hilo bila kujua. Zima kwenye mipangilio ya kibodi yako ile sehemu ya kukunja na kupamba alama za uandishi. Moyo nitaendelea kukuwekea, huo naulipia kwa hiari.

Intaneti ya nyumbani nayo ilinitesa mwaka mzima. Picha za video zilikuwa zinaganda, nikipiga simu naambiwa nipande kifurushi kikubwa zaidi. Nikapanda. Zikaendelea kuganda. Nikapanda tena. Fundi alipokuja hatimaye hakugusa hata waya. Alitazama ruta iliko, nyuma ya kabati la televisheni, akaibeba akaiweka juu ya rafu katikati ya nyumba, tatizo likaisha. Alinieleza kwamba ruta hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 yanakwenda mbali na kupenya kuta ila ni ya polepole, na ya gigahezi 5 ni ya kasi ila ukuta mmoja unayachosha. Ukiwa karibu na ruta tumia ya pili, ukiwa chumba cha mwisho tumia ya kwanza. Na kabla ya kumlaumu yeyote, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime kasi hapo. Ikiwa ni nzuri kwenye waya na mbaya hewani, shida iko ndani ya nyumba yako. Ikiwa mbaya hata kwenye waya, ndipo uwapigie, na matokeo unayo mkononi.

Nikamwuliza pia kwa nini wananiuzia 40 nami naona 5. Akaniambia kampuni huuza kwa megabiti, na faili linalopakuliwa mara nyingi huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 40 kwa 8. Sikuwa nimedanganywa kwenye hilo, ila hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Na kwenye mkataba soma neno "hadi". "Kasi ya hadi" fulani haimaanishi utaipata. Maana yake hutapata zaidi ya hapo.

Kuhusu simu yenyewe sitasema mengi. Ikianza kuwa nzito au kuzimika ghafla na chaji ikiwa bado ipo, usikimbilie kununua nyingine, uliza betri kwanza. Betri za lithiamu huchakaa kwa kutumika, kwa joto, na kwa kukaa zimejaa pomoni muda mrefu. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, na wateja wengi walikuwa wameshanunua simu mpya kabla ya kujua kwamba betri tu ingetosha. Simu yangu hii nimeibadilishia betri mara moja, na inakwenda.

Sasa huduma kwa wateja. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wewe una hasira za haraka kama babu yako. Yule anayepokea simu hakuipanga ile bei, wala si yeye aliyeruhusu salio lako likatwe. Anapimwa kwa dakika anazotumia na kila mteja, na anaambiwa aseme maneno yaliyoandikwa mbele yake. Ukimtukana, utakuwa umemtukana mfanyakazi, na kampuni haitasikia. Mwulize jina lake. Mwombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko, usikate simu kabla hujaipata. Andika tarehe, saa na alichokuahidi. Nina daftari la jalada la kijani, unalijua, ulikuwa unadhani ni la mapishi. Yote yamo humo tangu mwaka ule. Mara ya pili nilipokatwa fedha za huduma nisiyoijua nilisoma kutoka kwenye daftari: tarehe fulani niliomba huduma zote za kulipia zizuiwe kwenye laini hii, nikapewa namba hii, na fulani akanithibitishia. Fedha zilirudi baada ya siku mbili. Kumbe kizuizi cha aina hiyo kipo kwenye mitandao mingi, ila sharti ukiombe. Kiombe siku ileile utakapopewa laini.

Linabaki la namba. Enzi zetu namba ilikuwa ya kupigiwa tu. Yako leo ndiyo ufunguo wa benki, wa barua pepe, wa kila mahali unapotumiwa tarakimu za kuthibitisha. Kwa hiyo wapo watu wanaokwenda kwa kampuni za simu wakijifanya wewe, wanadai wamepoteza laini, wanapewa mpya yenye namba yako. Dalili yake ya kwanza ni ndogo sana: simu yako inapoteza mtandao mahali ambapo wenzako wote wanao, na inabaki hivyo hata ukiizima na kuiwasha. Hilo likikupata usisubiri kesho. Azima simu ya jirani, uwapigie kampuni, kisha benki, saa hiyohiyo. Na pale inapowezekana, acha kupokea tarakimu hizo kwa meseji, tumia programu ya kuzitengeneza ndani ya simu.

Weka PIN kwenye laini, si kwenye simu peke yake. Ukiikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, ambayo ina tarakimu 8 na mara nyingi huandikwa kwenye kile kikadi laini ilimotoka. PUK nayo ukiikosea mara 10, laini imekufa. Kikadi chako ninacho, kimebandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kisha bonyeza *#06# unakili zile tarakimu 15 zinazotokea, ndizo utambulisho wa simu yako ikiibiwa.

Na usije ukaitelekeza namba hii ukidhani imekufa. Namba isiyotumika kwa muda hurudishwa sokoni, akapewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayeanza kupokea ujumbe unaokuhusu. Ukitaka kuiacha, kwanza itoe kila ulikoiandika, ndipo uiache.

Nimeuliza utaratibu wa kuhamisha umiliki. Lazima tuwepo sote wawili, kila mmoja na kitambulisho chake halisi, si nakala, na laini iwe ndani ya simu inayofanya kazi. Watanitumia tarakimu za kuthibitisha kwenye namba hiyohiyo, kwa hiyo simu utaishika wewe nami nitakuwa kando yako. Nina nafasi Jumamosi asubuhi. Daftari nitakuja nalo, lina kurasa tupu nyuma.

Mama yako