Shahada ya mawasiliano si shahada ya kupamba maneno

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, ingawa sababu za kuandika zimekuwapo. Makala mliyochapa wiki iliyopita kuhusu masomo ya uzamili katika mawasiliano ya kitaalamu na vyombo vya habari, ile iliyohoji kwa nini mtu mzima alipe ada ya chuo ili "kujifunza kuongea" wakati simu yake ina programu ya akili mnemba inayomwandikia kila kitu, imenimaliza uvumilivu. Nilisoma shahada hiyo nikiwa kazini, jioni na mwisho wa wiki, na nimeitumikia taaluma hii hadi kustaafu.

Mwandishi wako anadai kwamba masomo haya ni mambo ya juzi, yaliyozuka pamoja na mitandao ya kijamii. Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Missouri ilianza mwaka 1908. Ile ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilifunguliwa mwaka 1912 kwa fedha alizoacha Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti, na tangu mwaka 1935 ikawa ya wanafunzi wa uzamili. Mwaka 1947 mtaalamu wa mawasiliano Wilbur Schramm alianzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Illinois. Haya yote yanapatikana katika maktaba yoyote nzuri, na mwandishi aliyeona inafaa kuihukumu taaluma nzima alipaswa kwanza kuuliza umri wake.

Dai lake la pili, kwamba nadharia za mawasiliano hazimsaidii mtu yeyote, linashangaza zaidi likitoka gazetini. Mwaka 1968 watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill, Marekani, ambao walikuwa hawajaamua wampe nani kura ya urais, wakawauliza ni masuala gani wanayaona makubwa. Kisha wakayalinganisha majibu hayo na habari zilizokuwa zimepewa nafasi katika vyombo vilivyosomwa na kutazamwa pale. Yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari na yale waliyoyaona wapiga kura kuwa makubwa yalikaribiana mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na tangu hapo hakuna mhariri anayeweza kusema hajui uzito wa mahali anapoiweka habari. Makala yenu mliiweka ukurasa wa tatu, pamoja na picha kubwa. Vijana wanaofikiria kujiandikisha wameiona, na waajiri wao wameiona.

Nikueleze jambo lililonipata mwenyewe. Taasisi niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipaswa kuwatangazia watu kwamba maji ya bomba yamechafuka na yasinywewe kabla ya kuchemshwa. Rasimu iliyoletwa kutoka juu ilianza kwa kueleza dira ya taasisi, ikawashukuru wadau kwa ushirikiano wao, ikaeleza ukarabati wa mitambo kwa istilahi za wahandisi, na onyo lenyewe likaja aya ya tano, katika sentensi isiyosema nani afanye nini: "inashauriwa hatua za tahadhari zizingatiwe katika matumizi ya maji." Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba tangazo la usalama halitolewi kabla ya kusomwa na watu wa aina ya wale litakaowahusu, kwa hiyo nikashuka nalo ghorofa ya chini, nikawapa walinzi, wasafishaji na dereva mmoja, nikawaomba waniambie watakachofanya wakifika nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyetaja kuchemsha maji. Mlinzi mmoja, mtu wa makamo ambaye majirani humwendea kwa kila jambo, alisema ameelewa kuwa mitambo imeshatengenezwa na maji sasa ni safi. Mwanafunzi yeyote wa uzamili anatambua hatari ya jibu hilo, maana mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake, walipowafuatilia wapiga kura wa kaunti moja ya jimbo la Ohio, Marekani, katika uchaguzi wa mwaka 1940, walifikia hoja kwamba ujumbe mara nyingi huwafikia watu kupitia mtu wanayemwamini, wala hautoki moja kwa moja kwenye redio au gazeti. Mlinzi yule akielewa vibaya, mtaa mzima umeelewa vibaya. Nikaliandika upya tangazo kwa sentensi tatu: kwamba maji ya bomba si salama, kwamba ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, na kwamba watu waendelee hivyo mpaka tutakapowatangazia vinginevyo. Nikapanda nalo. Mkubwa wangu hakulisoma hadi mwisho. Aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu ni kupamba maneno, si kuwafundisha wahandisi, na tangazo likatoka vilevile lilivyokuwa. Simu ziliita mfululizo, watu wakiuliza swali moja tu, maji yanywewe au yasinywewe, na hata leo nikikumbuka sauti ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga hasira hunipanda upya, kwa sababu jibu la swali lake lilikuwa mezani kwetu, limeshaandikwa, na lilikataliwa na mtu aliyekuwa na imani ileile ya mwandishi wako.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya ofisi ndogo. Chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kilisambaratika tarehe 1 Februari 2003 kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Kilipokuwa bado angani, wahandisi walikuwa wamewaonyesha wakuu wao slaidi kuhusu kipande cha povu gumu, la kukinga tangi la mafuta na joto, kilicholigonga bawa la kushoto wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi hiyo kilikuwa cha matumaini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo na lugha nzito, ndipo palipokuwa na habari kwamba povu lililoruka lilikuwa kubwa zaidi ya mara 600 kuliko vipande vilivyotumika katika majaribio waliyoyategemea. Bodi iliyochunguza ajali iliandika kwamba ni rahisi kuona jinsi mkuu angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kwamba inazungumzia hatari ya maisha ya watu, na ikalaumu mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi. Taarifa ilikuwapo na ilisomwa. Mpangilio wake ndio uliomficha msomaji jambo alilopaswa kulijua. Hilo ndilo somo la mawasiliano ya kitaalamu, na mwandishi wako analiita kujifunza kuongea.

Kuhusu akili mnemba, nakubali kwamba ingeliandika lile tangazo la aya tano kwa Kiswahili fasaha kuliko mkubwa wangu. Lingebaki bovu. Programu haishuki kumtazama mlinzi usoni anaposoma, haijui kwamba majirani humwuliza yeye, na haitaitwa kuwajibika mtoto akiugua. Kadiri maandishi yanavyokuwa rahisi kuzalishwa, ndivyo tunavyohitaji zaidi watu waliofundishwa kupima kama yameeleweka.

Lakini vyuo navyo sivitetei kwa kila jambo. Baada ya kustaafu nimealikwa mara kadhaa kwenye vikao vya utetezi wa tasnifu, na mada ileile hurudi ikiwa imebadilishwa jina la taasisi tu: mchango wa mitandao ya kijamii katika hiki au kile. Hojaji ni za kutia alama kwenye visanduku, sampuli ni marafiki wa mtafiti, na hitimisho ni kwamba mchango huo ni mkubwa. Wapo wasimamizi wanaoikalia sura ya pili muhula mzima bila kuifungua, na mwanafunzi akalipa ada ya muhula mwingine kwa kosa lisilo lake. Baya kuliko yote, wapo watu wanaouza tasnifu zilizokwisha kuandikwa, na wanunuzi wao wanaingia maofisini na cheti kama changu. Hao ndio wanaowapa wakubwa sababu ya kusema kwamba afisa mawasiliano ni wa kupiga picha kwenye sherehe na kutuma salamu za sikukuu. Laiti mwandishi wako angelichimba hilo, ningempongeza.

Napendekeza hivi. Kabla mwanafunzi wa uzamili hajaruhusiwa kutetea tasnifu, apewe tangazo moja la kweli, la ukurasa mmoja, lililotolewa na ofisi ya umma. Alipeleke kwa watu 8 wasiomjua, wa umri tofauti, wawili kati yao wawe wasiosoma kwa urahisi. Anukuu kwa maneno yao wenyewe walichokielewa na watakachofanya, aliandike upya, kisha aende kwa wengine 8. Karatasi zote, pamoja na rasimu zilizoshindwa, zijalidiwe mwishoni mwa tasnifu, na mtahini wa nje aanze kuzisoma hizo kabla ya sura ya kwanza. Kazi ya namna hiyo ni vigumu kuinunua kwa mtu. Nazo ofisi zimpe afisa mawasiliano mamlaka ya maandishi ya kulizuia tangazo lolote linalohusu afya au usalama hadi lipite katika jaribio kama hilo, hata kama limetiwa saini na mkuu wa ofisi.

Kwako, Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. Mpeleke mwandishi wako akae katika darasa la mbinu za utafiti wa mawasiliano kwa muhula mmoja kamili na afanye mtihani wake, halafu aandike tena. Na marekebisho kuhusu historia ya masomo haya yachapwe ukurasa wa tatu, kwa ukubwa uleule wa herufi.

Wako,
Afisa mawasiliano mstaafu