Spidomita ya pikipiki ya zamani ikidanganya, tazama namba kabla ya mshale

Wenye Honda XL125S, Yamaha DT125 na Suzuki TF125 wengi wakifika hapa karakana wanatuambia jambo moja: "Fundi, nitafutie spidomita nyingine, hii imekufa." Mara nyingi haijakufa. Spidomita za asili za pikipiki hizi ni adimu madukani, na zile za kuigiza huwa hazikupangwa kufuatana na gia wala tairi la pikipiki yako. Unatoa hela, unafunga kitu kipya kinachong'aa, na mshale unaendelea kukudanganya vilevile. Kwa hiyo tunaomba tuanze kwa kutafuta uongo unaanzia wapi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mshale wa spidi na namba za kilomita, ingawa viko kwenye kioo kimoja, havifanyi kazi kwa njia moja. Ndani ya kebo inayopanda kutoka gurudumu la mbele kuna waya unaozunguka. Ukifika juu, unazungusha gia ndogondogo zinazosukuma namba. Hapo meno yameshikana na meno, hakuna kuteleza. Waya huohuo unazungusha pia sumaku ndogo iliyokaa ndani ya kikombe chepesi cha alumini, bila kukigusa. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme mdogo kwenye alumini, umeme huo unakivuta kikombe kifuate sumaku, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mshale umefungwa kwenye kikombe. Pale nguvu ya sumaku na nguvu ya springi zinapolingana, ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya mpango huu mwaka 1902, na pikipiki nyingi za miaka ya sabini na themanini bado zinautumia.

Basi fanya kipimo hiki mwenyewe kabla hujatuletea. Tafuta barabara kuu yenye vibao vya kilomita, iliyonyooka na isiyo na magari mengi. Andika namba zako kwenye kibao cha kwanza, endesha kilomita 10, andika tena. Ukiwa njiani, shikilia mshale kwenye 60 bila kuongeza wala kupunguza, na mtu uliyempakia nyuma apime sekunde kutoka kibao hadi kibao. Kwa 60 ya kweli, kilomita moja inachukua sekunde 60. Kwa 50 ni sekunde 72. Simu yenye GPS inafaa pia, ila aishike abiria, na mwendo ukae sawa kwa muda kidogo maana simu huchelewa kusoma. Usijaribu kusoma simu huku unaendesha.

Majibu yakitoka, kazi imeshafika nusu. Namba zikiwa sahihi na mshale unasema uongo, ugonjwa uko ndani ya spidomita yenyewe. Namba na mshale vikikosea kwa kiasi kilekile, spidomita ni nzima. Angalia tairi, ringi au gia ya spidi, ile inayozungusha kebo, kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Vyote viwili vikifa kwa pamoja, angalia kebo kwanza.

Hilo la ringi tunakutana nalo sana. XL125S na DT125 zilitoka kiwandani na ringi ya mbele ya inchi 21. Ringi ikipinda na ya saizi hiyo isipopatikana, mtu anafungiwa ya inchi 18 kutoka pikipiki nyingine. Tairi la 2.75-21 likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.11, la 2.75-18 linatembea kama mita 1.88. Maana yake gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na kama gia ya spidi ni ileile, mshale unapanda kwa karibu asilimia 12. Unakwenda 60, unasoma 67. Kilomita zako 10 zinaandikwa 11 na ushee. Kwa mwenye XL125S, ambayo injini yake inategemea sana oili safi, hata hesabu ya kubadilisha oili inaharibika. Tairi lililolika nalo linapandisha mshale, lakini kwa asilimia moja na kitu tu.

Hatari zaidi ni mshale unaosoma chini. Viwanda hupanga spidomita isome juu kidogo kuliko mwendo halisi, na kanuni za Ulaya zinakataza kabisa isome chini yake. Ikikuonyesha 45 wakati unapita kijijini kwa 55, utakutana na askari mwenye tochi ukiwa na uhakika kwamba uko ndani ya 50. Mbaya kuliko faini ni mtoto anayekatiza barabara huku wewe unaamini una nafasi ya kusimama.

Kama spidomita ilikufa siku ileile ulipozibiwa pancha ya mbele, karibu kila mara kosa liko kwenye habu. Gia ya spidi ina masikio mawili yanayotakiwa kuingia kwenye nafasi zake ndani ya habu. Gurudumu likirudishwa haraka, masikio yanakaa juu ya ukingo, nati ya ekseli inakazwa, na yanakunjika au kukatika palepale. Mwambie fundi wa pancha azungushe gurudumu taratibu kwa mkono huku ameshika gia, mpaka ahisi imezama, ndipo akaze. Gia nayo ielekee upande ambao kebo itapanda bila kukunjwa kwa nguvu. Tukiifungua habu na kukuta masikio yamelala, tunanyoosha yaliyo hai. Yaliyokatika tunabadilisha pete inayoyabeba, na hiyo ni spea ndogo tu ukilinganisha na spidomita nzima.

Mshale unaotikisika, hasa mwendo mdogo, kwa kawaida ni kebo. Chomoa waya wa ndani, ulaze juu ya meza iliyonyooka na uzungushe kwa vidole. Mzima unaviringika laini. Uliopinda unaruka kila mzunguko. Angalia na ncha zake za pembe nne kama zimekuwa mviringo. Uoshe kwa mafuta ya taa, ukaushe, kisha paka grisi laini nyembamba kuanzia chini, na uache kipande cha juu, kama urefu wa kiganja, kikiwa kikavu. Tunalisisitiza hili kwa kila mteja. Grisi ikizidi inapanda na mzunguko wa waya, inaingia kwenye spidomita na kujaa kati ya sumaku na kikombe. Hapo kikombe kinaburuzwa moja kwa moja, mshale unaruka hadi mwisho wa namba, na ile springi nyembamba inapinda. Spidomita nyingi tunazofungua zimeuawa na grisi iliyotiwa kwa nia njema.

Tukilazimika kuifungua, tunainua ukingo wa bati kidogokidogo kwa bisibisi nyembamba kuuzunguka wote ili urudi bila kupasuka. Mshale hatuung'oi kwa plaizi. Kwanza tunaupitisha taratibu juu ya kile kipini kidogo kinachouzuia kwenye sifuri tuone unapumzika wapi ukiwa huru, maana hukaa chini ya sifuri, na tunaweka alama. Usiporudishwa hapo hasa, mshale utakosea kila mwendo. Sumaku iliyozeeka hufifia na mshale husoma chini. Tunaichaji hadi ijae kisha tunaipunguza polepole. Springi ikilegea, mshale husoma juu. Kupima, tunazungusha spidomita kwa drili ambayo mizunguko yake tunaijua: nyingi za Kijapani za wakati ule zimepangwa zisome 60 kwa mizunguko 1,400 ya waya kwa dakika. Ukijaribu nyumbani, hakikisha drili inazunguka upande sahihi.

Mara mojamoja tunaletewa BSA au Triumph za kabla ya katikati ya miaka ya sitini, zenye spidomita ya Smiths Chronometric. Hiyo ndani ni mitambo ya saa, haina sumaku inayovuta kikombe, na mshale wake hupanda kwa kurukaruka hata ikiwa nzima. Usiruhusu mtu "akurekebishie" mruko huo. Nyingi pia husoma maili: 30 yake ni kilomita 48 kwa saa.

Ukituletea spidomita, njoo na pikipiki yenyewe kama inawezekana, au angalau kebo, gia ya spidi na saizi ya tairi kama ilivyoandikwa ubavuni, pamoja na majibu ya kipimo chako cha barabarani. Namba za kilomita haturudishi nyuma, hata mteja akiomba. Tukibadilisha spidomita nzima, tunaandika usomaji wa ile ya zamani na tarehe kwenye kadi ya huduma, na spidomita kuukuu unaondoka nayo.