Kipandikizi kipya, mfuko uleule: kwa nini tatizo la matiti hurudi

Wateja wengi wanaokuja kwetu kwa marekebisho ya vipandikizi vya matiti, vile vitu laini vinavyoingizwa ndani ya titi kulikuza, huanza na ukubwa. "Hivi vimenishinda, nataka nivitoe niwekewe vingine." Tunawasikiliza mpaka mwisho, kisha tunaomba jambo moja dogo: simama mbele ya kioo, weka mikono kiunoni, kandamiza kwa nguvu. Kwa wengine hakuna kinachotokea. Kwa wengine titi linaruka. Linapanda juu, linakimbilia upande wa kwapa, na chini yake panabonyea kana kwamba kuna mtu amevuta uzi kwa ndani. Mikono ikilegea, titi linashuka na kurudi lilipokuwa.

Mazungumzo hugeuka hapohapo. Kipandikizi chenyewe huenda ni kizima kabisa, hakijapasuka, na ukubwa wake hauna neno. Kasoro iko kwenye mfuko, yaani ile nafasi iliyotengenezwa ndani ya titi ili kipandikizi kikae. Ukitoa cha zamani ukaingiza kipya palepale, ndani ya miezi michache utasimama mbele ya kioo hichohicho ukiona kitu kilekile, safari hii ukiwa umeshalipa mara mbili.

Juu ya msuli, chini ya msuli

Ukienda kutoka nje kuingia ndani, titi lina ngozi, mafuta na tezi za maziwa, halafu utando mwembamba, halafu msuli mkubwa wa kifua, halafu mbavu. Kipandikizi kinaweza kukaa nyuma ya tezi, juu ya msuli. Kinaweza pia kuingizwa chini ya msuli wenyewe. Vipandikizi vya kwanza vya silikoni, vilivyowekwa mwaka 1962 mjini Houston na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow, vilikaa nyuma ya tezi. Miaka michache baadaye wapasuaji wakaanza kujaribu chini ya msuli, na kuanzia hapo mjadala wa juu au chini haujawahi kwisha.

Watu wakisikia "chini ya msuli" hudhani kipandikizi kimefunikwa chote. Mara nyingi sivyo. Msuli huo unaanzia kwenye mtulinga, kidari na mbavu, unakwenda kujishika kwenye mfupa wa mkono karibu na bega. Umekaa kama feni iliyofunguliwa nusu. Sehemu ya chini ya titi na ya pembeni iko nje ya feni hiyo. Kwa hiyo mpasuaji huachia kingo za chini za msuli, na kipandikizi kinabaki nusu kwa nusu: juu kimefunikwa na msuli, chini kimefunikwa na tezi na mafuta. Daktari wa Marekani John Tebbetts aliipanga njia hii kwa hatua zake na kuichapisha mwaka 2001, na leo ni miongoni mwa njia zinazotumika sana.

Kuna faida na kuna gharama. Msuli unatoa mto wa ziada upande wa juu, ule unaoonekana kwenye nguo yenye shingo pana. Huwarahisishia pia kazi wapiga picha za mamogramu, kwa kuwa tezi inavutika mbele zaidi na kipandikizi kinabaki nyuma. Lakini msuli ni msuli. Kazi yake ni kuvuta mkono, na kila ukisukuma mlango mzito au ukipiga pushapu, msuli huo unavuta pia kipandikizi kilicho chini yake.

Nani huhamishwa kwenda wapi

Wanaohamishwa kutoka juu kwenda chini ya msuli kwa kawaida ni wembamba. Kingo za kipandikizi zinaonekana, au ngozi ina mawimbi madogo hasa wakiinama. Daktari hufanya kipimo cha zamani kisicho na mashine: anabana ngozi na mafuta ya sehemu ya juu ya titi kati ya kidole gumba na cha shahada, anapima unene. Ukiwa chini ya sentimita 2, wapasuaji wengi huona kipandikizi kinahitaji kufunikwa zaidi. Sababu nyingine ni kovu linalokaza. Kila mwili hujenga ganda la kovu kuzunguka kipandikizi, hilo si ugonjwa. Shida ni pale ganda linaponenepa na kubana, titi likawa gumu, likapanda juu, mwishowe likauma. Madaktari hulipanga kwa madaraja manne ya Baker: la kwanza titi ni laini kama la asili, la nne ni gumu, limeharibika umbo na linauma. Vipandikizi vilivyo juu ya msuli hupata ukazaji huu zaidi kuliko vilivyo chini, ndiyo maana kuhama ni sehemu ya tiba.

Wanaokwenda upande wa pili, kutoka chini kuja juu, wamekuwa wengi kwetu kuliko zamani. Ni wale wa mtihani wa kioo. Wengine wanainua vyuma, wanaogelea, wanapanda milima, na wamechoka kuvaa fulana mbili ili watu wasione titi likicheza. Wengine hawafanyi mazoezi yoyote. Wanasikia tu mkazo mkononi kila wakifungua chupa. Kuna pia ambao titi lao limelegea kwa umri, kunyonyesha au kupungua uzito, wakati kipandikizi kimeshikiliwa juu na msuli. Matokeo yake ni vilima viwili kwenye titi moja, kimoja cha silikoni juu na kimoja cha nyama kikining'inia chini. Kipandikizi kikubwa zaidi hakitibu hali hiyo, ingawa ndicho kinachoombwa. Mara nyingi hapo panahitajika kuhama pamoja na kuinua titi.

Kundi la tatu halihamishwi ngazi. Mfuko wake ndio unaorekebishwa. Kipandikizi kimeshuka chini ya mstari wa titi hadi chuchu inatazama juu. Au vimekwenda pembeni, ukilala chali vinaingia kwapani. Au, na hii ndiyo ngumu kuliko zote, mifuko miwili imekutana katikati ya kifua na ngozi juu ya kidari imenyanyuka kama hema. Mara nyingi chanzo ni msuli kukatwa kupita kiasi karibu na kidari, au vipandikizi kuwa vipana kuliko kifua kilichovipokea.

Kazi iliyojificha

Mteja huuliza mfuko mpya utatengenezwaje. Karibu hakuna anayeuliza mfuko wa zamani utafanywa nini, na kwa maoni yetu hilo ndilo swali la kwanza.

Chukua mfano wa kuhama kutoka chini kuja juu. Mpasuaji anapita kwenye kovu lilelile la zamani, kwa kawaida lililo kwenye mkunjo wa chini ya titi, anatoa kipandikizi. Anaukuta msuli umejikunja kuelekea juu, ukingo wake umeshikana na tezi kwa kovu. Inabidi autenganishe na tezi polepole, kisha aushushe na kuushona tena kwenye ukuta wa kifua, ulipokuwa kabla ya upasuaji wa kwanza. Msuli uliokaa juu kwa miaka umefupika, hauji chini kwa kuombwa. Hatua hii ndiyo inayozuia titi kuruka. Ikirukwa, au ikifanywa kwa nyuzi mbili tatu tu, kipandikizi kipya kitakaa juu lakini msuli bado utakuwa umeshikana na tezi, na titi litaendelea kucheza.

Ukienda upande wa pili, hatari ni nyingine. Mfuko wa zamani ulio juu ya msuli ukiachwa wazi, kipandikizi kinaweza kuteleza kurudi huko, au maji yakajikusanya humo. Kwa hiyo ganda la zamani huondolewa, lote au sehemu, au kuta zake hushonwa pamoja. Palipobaki nyama nyembamba, daktari anaweza kuongeza wavu wa kushikilia au kipande cha ngozi kilichotayarishwa maalumu, seli zake zikiwa zimeondolewa. Mara nyingine huongeza mafuta ya mteja mwenyewe, yanayofyonzwa tumboni au mapajani na kudungwa sehemu ya juu ya titi ili kuficha kingo. Sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili, kwa hiyo huenda ikahitajika kurudia.

Haya yote hufanyika ukiwa umelala kwa nusukaputi, na saa mbili hadi nne si ajabu. Ni kazi ndefu kuliko upasuaji wa kwanza. Mtu akikuahidi kuhamisha vipandikizi kwa muda na bei ya kubadilisha vya kawaida, muulize mfuko wa zamani atauacha katika hali gani, halafu msikilize anavyojibu.

Tunapokataa

Tunakataa, au tunaahirisha, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kama upasuaji wako una miezi mitatu, tutakwambia usubiri. Uvimbe bado upo, ganda la kovu halijakomaa, na umbo unalolichukia leo huenda si la mwisho. Miezi sita ndicho kiwango cha chini tunachopendelea, na mwaka ni bora. Maambukizi, damu kujikusanya ghafla au kipandikizi kutaka kutokeza nje ya ngozi havisubiri. Hayo ni ya kuwahi hospitali siku hiyohiyo.

Mvutaji sigara naye tunamwahirisha. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya titi lililoshapasuliwa mara moja haina damu ya kuchezea. Tunataka angalau wiki nne bila nikotini kabla na wiki nne baada, na hesabu hiyo inahusu pia sigara za mvuke na vibandiko.

Kuna pia mwembamba sana anayetaka kutoka chini ya msuli kwa sababu titi linaruka. Tunamwambia ukweli: kuruka kutakwisha, mawimbi ya ngozi yanaweza kuanza. Ni biashara ya kubadilishana kasoro moja kwa nyingine, na ni yeye wa kuchagua ipi anaweza kuishi nayo. Wengine wakishalielewa hilo huamua kuviondoa kabisa. Hilo nalo ni chaguo halali, hatulisemi kwa unyonge.

Titi lililovimba upya miaka kadhaa baada ya upasuaji, hasa upande mmoja, halihamishwi mfuko kabla ya kuchunguzwa. Maji yanayojikusanya kuzunguka kipandikizi chenye uso wa kukwaruza yanaweza kuwa dalili ya aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu. Kwa sababu hiyo, Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye uso wa aina hiyo, katika masoko ya dunia, baada ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kuitaka ifanye hivyo. Maji hutolewa kwa sindano yakapimwa kwanza. Upasuaji wa umbo unasubiri majibu.

Baada ya kuamka

Hatari za upasuaji wa marudio ni zilezile za kwanza, ila zimeongezeka uzito: damu kuvujia ndani, maambukizi, chuchu kupoteza hisia, kovu kukaza tena, titi moja kutolingana na jingine. Aliyewekewa chini ya msuli husikia mgandamizo mzito kifuani siku za mwanzo, kama mtu amemkalia. Aliyehamishiwa juu huwa na maumivu kidogo, ingawa msuli ulioshonwa nao unauma ukijisahau na kunyoosha mkono kufikia rafu ya juu. Unaweza kuamka na vibomba vidogo vya kutoa majimaji ubavuni. Hutolewa baada ya siku chache, kiasi kikishapungua.

Sidiria ya kubana huvaliwa mchana na usiku kwa takribani wiki sita, na unalala chali. Usiinue kitu kizito wala kufanya mazoezi ya kifua kwa muda huohuo. Aliyeshonewa msuli tunambana zaidi kwenye hili, kwani nyuzi ndizo zinazoushikilia mpaka ushikane na kifua wenyewe, na pushapu moja ya wiki ya tatu inaweza kufumua kazi ya saa nzima. Umbo la wiki ya kwanza lisikutie hofu. Titi huwa juu, gumu na la duara kupita kiasi. Lipe miezi mitatu hadi sita.

Ukija kwa mashauriano, njoo na kadi ya vipandikizi uliyopewa mara ya kwanza, yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo, pamoja na ripoti ya upasuaji kama unayo. Ripoti hiyo ndiyo inayosema mfuko ulitengenezwa wapi na msuli uliachiwa kiasi gani. Kama huna hata kimoja, usibaki nyumbani kwa aibu, wengi hawana. Ultrasaundi au MRI itatuonyesha kiasi, na kilichobaki daktari atakiona mfuko ukifunguliwa. Ndiyo maana kwenye fomu yetu ya ridhaa kuna ukurasa mzima wa "nikikuta tofauti na tulivyotarajia, nifanye nini", na tunaujaza pamoja nawe, ukiwa macho, siku kadhaa kabla.