Mfiwa aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha za wafiwa. Hivi karibuni hapa Bagamoyo, mvuvi alipoopolewa baharini, mpiga picha mmoja alimsogelea mama wa marehemu aliyekuwa amekaa mchangani, khanga imemdondoka mabegani, akampiga picha usoni kabla wanawake wenzake hawajawahi kumsitiri, na kesho yake picha hiyo ikatoka gazetini ukurasa wa mbele. Sisemi ajali isiandikwe. Chombo kilichozama, hali ya bahari na kama wavuvi walikuwa na maboya ni mambo yanayotuhusu sote, na picha ya ngalawa ingetosha. Ila Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na familia yake, na sioni kwa nini haki hiyo ikome kwa sababu tu mtu amelia ufukweni mbele za watu. Mwandishi angesubiri mazishi yapite, akafika matangani, akatoa pole, kisha akamwomba ruhusa msemaji wa familia (wasemaji huwa hawakosekani). Akikataliwa, aandike habari yake bila picha.

Msomaji wako,
Bagamoyo