Mwenyekiti naye anauguza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie watu wanaoongoza vyama vya wagonjwa wa magonjwa adimu. Mimi ni katibu wa kujitolea wa chama kimoja cha aina hiyo, na haya ni maoni yangu binafsi, chama hakijanituma.

Siku ya Magonjwa Adimu ilianza tarehe 29 Februari 2008, tarehe iliyochaguliwa makusudi kwa kuwa nayo ni adimu, na tangu hapo huadhimishwa kila siku ya mwisho ya Februari. Ikifika, magazeti huandika habari za mzazi aliyeanzisha chama peke yake, bila fedha wala ofisi. Habari hizo ni njema. Zinawapa moyo watu waliosomewa majibu ya vipimo jana tu. Ila huishia pale mzazi yule anapopongezwa, na sijaona hata moja inayouliza akichoka, au akiugua yeye, chama kitabaki na nani.

Tuanze na hesabu. Ulaya, ugonjwa huitwa adimu ukiwapata watu wasiozidi 5 kati ya 10,000. Marekani kipimo ni wagonjwa wasiofika 200,000 nchi nzima. Hivyo ni viwango vya juu kabisa, na magonjwa mengi yako chini sana ya hapo. Progeria, ugonjwa unaozeesha watoto, una wagonjwa wanaojulikana kwa mamia tu dunia nzima. Sasa chukua chama cha ugonjwa wa namna hiyo. Wanachama ni wachache na wametawanyika. Ama ni wagonjwa wenyewe, ama ni watu wanaouguza. Humohumo ndimo apatikane mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa kuongea na madaktari na mtu wa kupokea simu. Klabu ya mpira haikosi wagombea. Sisi kila uchaguzi ukifika tunatazamana.

Na kazi yenyewe haimalizwi kwa kikao cha mara moja kwa mwezi. Simu inaingia saa nne usiku. Mama ameambiwa jina la ugonjwa mchana, amelitafuta kwenye intaneti, amesoma mabaya yote yaliyoandikwa, na sasa anataka kusikia sauti ya mtu anayeujua. Huwezi kumwambia apige kesho saa za kazi. Na kesho yake ripoti ya mwaka inadaiwa na msajili wa vyama, mtafiti anatafuta wagonjwa wa kushiriki majaribio ya dawa, kampuni inataka maoni juu ya fomu ndefu ya ridhaa, na kuna mwanachama ambaye bima imekataa kumlipia matibabu. Yote hayo yanamsubiri mtu mwenye ajira yake nyingine, ambaye chumba cha pili ana mtoto wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sibezi kujitolea. Sheria ya Marekani ya dawa za magonjwa adimu ya mwaka 1983, inayompa mtengenezaji haki ya kuuza dawa hizo peke yake kwa miaka 7, ilisukumwa na wagonjwa na wazazi waliobisha hodi kwa wabunge bila kuchoka. Mmoja wao alikuwa Abbey Meyers. Mwanawe alikuwa na ugonjwa wa Tourette, unaomfanya mtu ashtuke mwili na kutoa sauti bila kutaka, na dawa aliyokuwa akiijaribu iliachwa na kampuni kwa kuwa soko lake lilionekana dogo. Sharon na Patrick Terry nao hawakuwa wanasayansi watoto wao wawili walipokutwa na PXE, ugonjwa unaoathiri ngozi, macho na mishipa ya damu. Mwaka 1995 waliunda shirika, wakakusanya sampuli za damu kutoka kwa familia zenye ugonjwa huo, na mwaka 2000 jeni inayousababisha ikajulikana.

Mifano hiyo hutajwa sana, na inastahili. Lakini ninaporudi kwenye daftari letu la mahudhurio, mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa Ufaransa. Mwaka 1958 Yolaine de Kepper, mama aliyekuwa na watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, alianzisha chama cha familia kama yake. Téléthon, kipindi cha televisheni cha kuchangisha fedha ambacho ndicho kilichokipa chama hicho uwezo wa kugharamia utafiti mkubwa, kilianza mwaka 1987, miaka 29 baadaye. Aliyekuwa kiongozi wakati huo ni Bernard Barataud, mzazi mwingine kabisa. Yaani jambo lililokifanya chama kile kijulikane nchi nzima lilifanywa na watu waliopokea kijiti. Chama kilikuwa kimejengwa kwa namna ambayo mtu wa pili na wa tatu wangeweza kuingia, wakakuta kazi imepangwa na mlango uko wazi.

Kwetu mlango huo mara nyingi haupo. Orodha ya wagonjwa imo kwenye simu ya mwenyekiti. Nywila anazo yeye. Daktari bingwa anamjua yeye kwa jina, wengine hatujui. Makamu mwenyekiti yupo kwenye karatasi kwa sababu katiba inadai awepo.

Na kuna jambo tunaloona haya kulitaja hata katika vikao vyetu. Mengi ya magonjwa haya huanza utotoni, na baadhi huua mapema. Kwa hiyo viongozi wetu ni watu wanaofiwa. Nimemwona kiongozi akimzika mwanawe, na wiki hiyohiyo simu zikaanza tena kuita. Waliopiga hawakuwa na ubaya wowote. Hawakuwa na namba nyingine. Kiongozi wa namna hiyo akibaki kitini, kila mkutano unamletea watoto wa rika la mwanawe. Akijiuzulu, wapo watakaonong'ona kwamba ameondoka kwa kuwa hana tena shida. Yote mawili ni ukatili, na sisi wanachama ndio tunaoufanya kwa kutojipanga. Katiba yetu ina ibara nzima inayoeleza nani atunze muhuri. Kuhusu mwenyekiti aliyefiwa apumzike muda gani na nani akaimu, haina hata mstari.

Napendekeza vyama vyetu viweke ukomo wa uongozi, na viuheshimu hata pale kila mtu anapomsihi mwenyekiti aendelee. Hasa pale. Makamu apewe eneo lake la kazi tangu siku ya kwanza, mathalani simu za usiku au mazungumzo na watafiti, ili asije akaianza kazi siku ya msiba. Taarifa za wagonjwa ni siri za watu na ni mali ya chama. Kuziacha katika simu ya mtu mmoja ni hatari hata kama mtu huyo ni malaika.

Wapo watakaoniambia kwamba asiyeugua wala kuuguza hawezi kuongoza chama kama hiki. Mbele ya madaktari na watunga sera nakubali: sauti iwe ya mgonjwa au mzazi wake. Lakini mhasibu hahitaji kuwa na ugonjwa wetu ili asawazishe hesabu za benki. Tumewafungia nje watu wazuri kwa kudhani kwamba uchungu ndio sifa pekee ya kazi.

Niguse na fedha, ingawa najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Kiongozi wetu anapoalikwa kwenye kamati ya kujadili dawa au huduma, wote waliozunguka meza ile wako kazini na wanalipwa mshahara, isipokuwa yeye. Amekatwa siku ya likizo, amelipa mtu wa kukaa na mgonjwa, na mwisho anashukuriwa kwa mchango wake mkubwa. Aliyemwita amlipe muda wake na gharama za mwangalizi. Kuhusu kampuni za dawa, hizo huwa tayari kulipia kongamano lenye nembo yao ukutani. Karani wa kupokea simu hakuna anayemtaka. Zikitoa, kiasi kitangazwe kwa wanachama wote, na chama kibaki na uhuru wa kusema kwamba bei ya dawa ni kubwa mno.

Nayasema haya sasa kwa sababu kazi inaongezeka. Desemba 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watu wanaoishi na magonjwa adimu na familia zao. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani nao ukapitisha lake, likiagiza uandaliwe mpango wa utekelezaji wa miaka 10. Maazimio yote mawili nimeyafurahia. Lakini wizara zitakapoanza kutafuta maoni ya wagonjwa, zitawapigia walewale wenye simu zisizolala, na watakubali, kwa kuwa hawajui kukataa.

Kwa hiyo, Mhariri, kupitia gazeti lako nawaomba wasomaji wenye ujuzi wa uhasibu, sheria, uandishi wa barua au utunzaji wa kumbukumbu, wastaafu wakiwemo, wakitafute chama cha wagonjwa kilicho karibu nao. Wasingoje ugonjwa uingie nyumbani kwao. Jioni mbili kwa mwezi zinatosha kuanzia, na wakifika waombe kwanza kazi ile ambayo mwenyekiti anaichukia kuliko zote.

Katibu wa chama cha wagonjwa
(Jina na anwani vimehifadhiwa)