Pagoda ya Haguro isiwachanganye wasomaji

Mhariri,

Makala yenu imeyaita majengo yote ya Mlima Haguro, Japani, "mahekalu ya Kibuddha". Mwaka 1868 serikali ya Mfalme Meiji iliamuru Ubuddha utenganishwe na Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na Haguro ikaangukia upande wa Shinto. Pagoda, yaani mnara wa Kibuddha, ya ghorofa tano, mita 29 hivi kwenda juu, ikasalimika. Ndiyo inayowapoteza wageni.

Jengo kuu kileleni, la mwaka 1818, limeezekwa nyasi zenye unene wa mita 2 na zaidi (makuti yetu hayafiki shubiri!). Humo huabudiwa miungu ya milima mitatu pamoja, Haguro na jirani zake Gassan (mita 1,984) na Yudono, kwani hiyo miwili hufungwa na theluji wakati wa baridi. Apandaye kwa miguu atarajie vidato 2,446 vya mawe, vyenye utelezi mvua ikinyesha.

Wasomaji wenu,
Mkunazini, Unguja